Kujenga Msamiati wa Kiingereza cha Kila Siku kwa Maneno ya Mkopo na Maneno ya Majira

Msemaji wa Kiswahili anayeanza kujifunza Kiingereza huambiwa mara nyingi anunue daftari na kukariri maneno kumi kila siku, kana kwamba kichwa chake ni ghala tupu linalosubiri kujazwa. Ushauri huo si mbaya, ila unasahau kwamba mtu huyo tayari anatumia maneno mengi ya Kiingereza bila kujitambua. Akivaa shati na soksi, akifunga tai, akipanda basi au treni, akimwita nesi, akilipa faini na kupewa risiti, anatamka Kiingereza kilichovalishwa nguo za Kiswahili. Kazi ya kwanza kwake ni kuyavua maneno hayo nguo alizoyavika mwenyewe, ili yarudi katika umbo ambalo Mwingereza atalitambua.

Kazi ya pili ni kujaza mapengo. Maneno ya mkopo karibu yote ni majina ya vitu, na hakuna anayeweza kuzungumza kwa majina ya vitu peke yake. Atataja koti na blanketi bila kuweza kusema kwamba anatetemeka. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaunganisha mikopo na majira ya mwaka. Mikopo hukupa nomino kwa wepesi, na majira, pamoja na hali ya hewa inayoambatana nayo, hukulazimisha kutafuta vitenzi na vivumishi, tena vile vinavyosemwa kila siku na kila mtu.

Orodhesha ulicho nacho

Chukua daftari, ligawe ukurasa safu tatu, kisha uzunguke nyumbani na kazini ukiandika katika safu ya kwanza kila kitu ambacho jina lake la Kiswahili unalishuku kuwa limetoka katika Kiingereza: glasi, friji, kabati, blanketi, sketi, suti, jaketi, begi, betri, balbu, swichi, faili, penseli, kompyuta, printa, baiskeli, tairi, breki, injini. Katika safu ya pili andika unavyodhani neno hilo linaandikwa kwa Kiingereza, na usifungue kamusi kabla ya kukisia, hata kama unaona aibu kukosea mbele ya daftari lako mwenyewe. Neno ulilolikisia vibaya na kulisahihisha hukaa kichwani kuliko lile ulilolinakili tu. Safu ya tatu ni ya kamusi: hapo unaandika tahajia sahihi na kupigia mstari silabi inayobeba mkazo.

Katika kuorodhesha utakutana na maneno ya kigeni ambayo hayakutoka Kiingereza kabisa. "Meza" imetoka Kireno, "kitabu" na "sahani" zimetoka Kiarabu, na "shule" imetoka Kijerumani, ingawa Kijerumani na Kiingereza ni ndugu na ndiyo maana "shule" na "school" yanafanana kwa mbali, wakati "skuli" inayosemwa Zanzibar ndiyo iliyotoka moja kwa moja katika "school". Maneno ya namna hiyo yaweke ukurasa wa nyuma, kwa sababu baadhi yake yatakuwa na kazi baadaye.

Jifunze jinsi sauti zilivyobadilika

Kiswahili hupenda silabi inayoishia na irabu, na Kiingereza hakijali hilo. Kwa hiyo karibu kila neno lililokopwa liliongezwa irabu mwishoni, na irabu hiyo haikuchaguliwa ovyo: baada ya sauti za midomo mara nyingi huwa "u", kama katika "timu", "fomu", "supu", "pampu" na "balbu", na kwingineko huwa "i", kama katika "benki", "koti", "shati" na "keki". Iondoe irabu hiyo na umefika nusu ya njia. Maneno ya Kiingereza yanayoishia na "-er" yaliingia yakiishia na "a", hivyo "meneja" hurudi kuwa "manager", "printa" kuwa "printer", "sweta" kuwa "sweater" na "dereva" kuwa "driver". Yale yenye "-sheni" mwishoni hurudi kwenye "-tion" au "-sion", kama "stesheni" na "station", "pensheni" na "pension", "televisheni" na "television".

Irabu za katikati ndizo zinazosumbua. Kiswahili kina irabu tano tu, na Kiingereza kina sauti za irabu zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa hiyo sauti kadhaa tofauti za Kiingereza zililazimika kuingia katika mlango mmoja. Hata hivyo kuna mazoea yanayosaidia. "A" ya Kiswahili mara nyingi husimama mahali pa "u" ya Kiingereza: "basi" ni "bus", "pampu" ni "pump", "plagi" ni "plug", "nati" ni "nut". "E" inaweza kuwa "a" fupi, kama katika "benki", "begi", "gesi" na "betri", ambazo ni "bank", "bag", "gas" na "battery", au ikawa "a" ndefu, kama katika "keki", "breki", "treni" na "reli", ambazo ni "cake", "brake", "train" na "rail". "O" ya "koti", "boti", "noti" na "goli" hurudi kuwa "coat", "boat", "note" na "goal". "Ai" ya "tai", "faini", "maili" na "laini" hurudi kuwa "tie", "fine", "mile" na "line", yaani huandikwa kwa "i" na kwa kawaida "e" isiyotamkwa mwishoni.

Hapo pana mtego ulioniumiza mimi mwenyewe. "Faili" la kuwekea karatasi ni "file", na "kufeli" mtihani ni "fail". Mtu aliyezoea tahajia ya Kiswahili akiona herufi "fail" anasoma "faili", na kinyume chake akitaka kuandika "file" mkono wake unaandika "fail". Niliwahi kuandika katika barua ya kuomba kazi kwamba nimeambatisha "fail" yenye vyeti vyangu. Aliyeipokea alikuwa muungwana, hakusema neno, lakini nilipoiona nakala ya barua hiyo baadaye nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Jozi hiyo iandike kwa wino mwekundu.

Sauti nyingine ya kuangalia ni "r" iliyopotea. Maneno mengi yalikopwa kutoka kwa wasemaji wa Kiingereza cha Uingereza, ambao wengi wao hawaitamki "r" inapofuatwa na konsonanti, basi sikio la Kiswahili halikuisikia na halikuiandika. Unapokisia tahajia ya "nesi", "shati", "sketi", "kadi", "skafu" na "fomu", irudishe: "nurse", "shirt", "skirt", "card", "scarf", "form".

Masikio hayohayo yametuachia faida ambayo wanafunzi wengi hawaioni. Kiswahili kilikopa kilichosikika na kuacha kilichoandikwa, kwa hiyo neno la mkopo ni shahidi mzuri wa herufi zisizotamkwa. "Risiti" haina "p", na hakika "p" iliyo ndani ya "receipt" haisikiki. "Kabati" haina "p" mbili wala moja, na katika "cupboard" "p" hiyo humezwa kabisa. "Saini" haina "g", na "sign" nayo haitamkwi "g". Ukishindwa kukumbuka matamshi ya neno gumu, waulize kwanza waliolikopa.

Jambo la mwisho katika sauti ni wingi. Kuna maneno yaliyokopwa yakiwa katika wingi wake wa Kiingereza, na sisi tukayachukua kama umoja: "soksi" ni "socks", na soksi moja kwa Kiingereza ni "a sock". Kwa upande mwingine "madigadi", ambayo ilitoka katika "mudguard", ilisikika kana kwamba ina kiambishi cha wingi "ma-", ndipo watu wakaunda umoja wake, "digadi", ambao ukimtajia Mwingereza hatakuelewa hata kidogo.

Hamisha mkazo

Tahajia ikiwa sahihi na mkazo ukiwa mahali pasipo pake, msikilizaji wa Kiingereza bado atakuuliza umesema nini. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu wakati wote, na Kiingereza huuweka popote. Wengi hudhani basi kwamba hakuna utaratibu wowote wa kufuata na kwamba kila neno lazima likaririwe peke yake, lakini kwa maneno ya mkopo utaratibu upo.

Neno la Kiingereza lenye mkazo kwenye silabi ya mwisho, likiongezwa irabu ya Kiswahili, silabi hiyo hujikuta ya pili kutoka mwisho, na mkazo hubaki palepale. Kwa hiyo "hoteli", "polisi" na "mashine" hazihitaji kazi yoyote: ukiondoa tu irabu ya mwisho unapata "hoTEL", "poLICE" na "maCHINE" zikiwa na mkazo sahihi. Maneno ya silabi moja, kama "coat", "bank" na "cake", nayo hayana tatizo. Tatizo liko kwa maneno ya silabi mbili au zaidi ambayo Kiingereza kinayatilia mkazo mwanzoni. Sisi tunasema "tiKEti", "oFIsi", "penSEli", "blanKEti", "hospiTAli" na "meNEja", wakati Kiingereza kinasema "TICKet", "OFfice", "PENcil", "BLANket", "HOSpital" na "MANager". Pitia orodha yako, yatenge maneno ya kundi hili, na uyasome kwa sauti ukipiga meza kidogo kwenye silabi ya kwanza. Dakika tano kwa siku zinatosha, na watu wa nyumbani watazoea.

Kagua maana upya

Mkopo hubadilika ukikaa ugenini. "Gauni" limetoka katika "gown", lakini nguo ya kawaida ya mwanamke kwa Kiingereza cha leo ni "dress", na "gown" imebaki kwa vazi refu la sherehe rasmi au joho la mahafali. "Gazeti" linafanana na "gazette", ambayo leo hutumika zaidi kwa gazeti rasmi la serikali; la kila asubuhi ni "newspaper". "Hoteli" katika mazungumzo ya watu wengi ni mahali pa kula hata kama hapana kitanda, ilhali "hotel" ni mahali pa kulala, na pa kula tu ni "restaurant". "Saini" unayotia kwenye fomu ni "signature", kwa kuwa "sign" kama nomino ni alama au kibao, na kama kitenzi ni kutia saini. "Kesi" kwetu ni ya mahakamani, na "case" ya Kiingereza ni hiyo pamoja na sanduku, kasha la miwani, na hata hali au tukio fulani. "Kipilefti" ni mkopo ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ulitokana na kibao kilichomwamuru dereva akae kushoto, "keep left", na tukakigeuza kuwa jina la mzunguko wenyewe wa barabara, tena tukakipa wingi wa "vipilefti". Kwa Kiingereza cha Uingereza mzunguko huo ni "roundabout".

Kumbuka pia kwamba mikopo yetu mingi ilitoka Uingereza, na ukizungumza na Mmarekani utahitaji neno la pili. "Lori" ni "lorry" London na "truck" New York. "Tochi" ni "torch" kwa Mwingereza na "flashlight" kwa Mmarekani. "Spana" ni "spanner" kwa mmoja na "wrench" kwa mwingine, "lifti" ya jengo ni "lift" na "elevator", na "petroli" ni "petrol" kwa Waingereza lakini Wamarekani huiita "gas", jambo linaloweza kumchanganya mtu ambaye kwake gesi ni ya kupikia. Kwa maoni yangu mwanafunzi achague upande mmoja wa kuzungumza na ajifunze upande wa pili kwa kusikiliza tu, kwa kuwa kujaribu kusema yote mawili kwa pamoja huchelewesha ulimi.

Kuna pia neno lililosafiri upande wa pili. "Safari" ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu, na Waingereza walilichukua kwetu katika karne ya 19, lakini wakalipunguza: kwao ni ziara ya kutazama au kuwinda wanyamapori. Safari ya kwenda kazini ni "journey" au "trip", na ukisema "safari" watakuuliza umeona simba wangapi.

Ule ukurasa wa nyuma

Sasa rudi kwa maneno uliyoyaweka pembeni. Kiingereza nacho ni mkopaji mkubwa, na mara nyingine kimekopa mlango uleule tuliobisha sisi. "Sukari" na "sugar" zote zilipita katika Kiarabu, na vivyo hivyo "kahawa" na "coffee". "Sifuri" yetu ni ndugu wa "zero" na wa "cipher", kwa maana yote yametokana na neno moja la Kiarabu la utupu. "Zafarani" na "saffron" ni ndugu pia. Udugu huu ni msaada wa kumbukumbu tu, usiutegemee katika maana, kwa sababu "taarifa" na "tariff" nazo zina asili moja, na leo moja ni habari na nyingine ni ushuru au orodha ya viwango vya malipo.

Ndugu wa kuvutia kuliko wote ni "msimu". Neno hili tulilipata kutoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya majira, ambalo mabaharia Wareno walilichukua wakalipeleka Ulaya, na Kiingereza kikalipokea kama "monsoon", yaani pepo za msimu za Bahari ya Hindi na mvua zinazokuja nazo. Neno la kawaida la Kiingereza la msimu, "season", lilitoka Kifaransa cha kale na mizizi yake katika Kilatini ni kupanda mbegu. Ukijua hilo huwezi kulisahau, na utaelewa kwa nini majira na kilimo havitengani katika msamiati unaofuata.

Fuata mwaka

Anza na majina manne: "spring", "summer", "autumn" na "winter". La kwanza tayari unalo, kwa sababu "springi" ya godoro na "spring" ya majira ni neno lilelile. Maana yake ya msingi ni kuchupa au kuchomoza kwa nguvu: waya uliobanwa huchupa, maji ya chemchemi huchomoza ardhini na huitwa "spring", na majani huchomoza baada ya baridi. Wamarekani humwita ndugu yake wa upande wa pili wa mwaka "fall", anguko la majani, na neno hilo lilikuwa likitumika Uingereza kabla Waingereza hawajaegemea "autumn".

Usijaribu kulinganisha majina hayo moja kwa moja na masika, vuli, kiangazi na kipupwe, ingawa kamusi nyingi hufanya hivyo. Masika na vuli ni majira ya mvua ya Afrika Mashariki, na Kiingereza huyaita "the long rains" na "the short rains". "Spring" na "autumn" hupimwa kwa baridi, joto na urefu wa mchana. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, kwa hesabu ya wataalamu wa hali ya hewa, "spring" huanza tarehe 1 Machi, "summer" tarehe 1 Juni, "autumn" tarehe 1 Septemba na "winter" tarehe 1 Desemba. Kusini mwa dunia mambo hugeuka, hivyo Krismasi ya Australia huangukia "summer". Majina ya miezi hayana shida kwa kuwa nayo ni mikopo, ila yaandike kwa herufi kubwa mwanzoni, "July", "October", na majina ya majira kwa herufi ndogo. Husema "in winter" na "in July", lakini "on Monday" na "at Christmas", na ukisema "last winter" usiweke kihusishi chochote mbele yake.

Baada ya majina, yakusanye upya maneno yako ya mkopo kwa majira. Utashangaa jinsi "winter" ilivyojaa mikopo: "koti", "sweta", "skafu", "jaketi", "glovu", "buti", "blanketi", "hita". "Summer" ina "feni", "friji" na "aiskrimu". "Autumn" haina karibu chochote, na uhaba huo ni habari njema, maana unakuonyesha ni wapi hasa pa kutafuta maneno mapya: "leaf" na wingi wake "leaves", "harvest" ambayo ni mavuno na zamani ilikuwa ndiyo jina la majira hayo, "fog" ambayo ni ukungu, na "rake" ambayo ni reki ya kukusanyia majani. Kumbe hata hapo mkopo mmoja umejificha.

Kila jina la kitu liandikie kitenzi chake papo hapo. Koti bila kitenzi ni koti lililotundikwa. Kiingereza hutofautisha "put on", tendo la kuvaa, na "wear", hali ya kuwa umevaa, tofauti ambayo Kiswahili huionyesha kwa "anavaa koti" na "amevaa koti". Hita unai-"turn on" na kui-"turn off". Kwa "winter" ongeza "shiver" kutetemeka, "freeze" kuganda, "melt" kuyeyuka na "slip" kuteleza. Kwa "spring" ongeza "grow", "plant" na "bloom", yaani kukua, kupanda na kuchanua. Kwa "summer" ongeza "sweat" na "swim", kutoka jasho na kuogelea. Kwa "autumn" ongeza "fall" na "pick", kuanguka na kuchuma.

Hapa utagundua jambo kuhusu wakati uliopita. Vitenzi ambavyo Kiswahili kimevikopa, kama kuchaji, kupaki, kuripoti na kukopi, ni vya kawaida katika Kiingereza na huongezwa "-ed" tu: "charged", "parked", "reported", "copied". Vitenzi vingi vya majira ni vya zamani sana katika lugha hiyo, na vya zamani ndivyo vyenye ukaidi: "freeze, froze, frozen", "blow, blew, blown", "grow, grew, grown", "fall, fell, fallen". Viandike kwa utatu wake tangu siku ya kwanza. "Rain", "snow" na "melt" ni vitiifu.

Sentensi za hali ya hewa zinahitaji uangalifu kuliko maneno yenyewe. Sisi tunasema mvua inanyesha, na mvua ndiyo mtendaji. Kiingereza hakisemi hivyo kwa kawaida. Kinaweka "it" isiyo na maana yoyote mbele ya kitenzi na kusema "it is raining", na vivyo hivyo "it is snowing". Jua na upepo, kwa bahati, hukaa kama kwetu: "the sun is shining", "the wind is blowing". Baridi na joto ndivyo vinavyowakwaza wengi, kwa sababu Kiswahili husikia baridi, na mwanafunzi anayetafsiri neno kwa neno husema "I hear cold". Sema "I am cold" kwa mwili wako na "it is cold" kwa hewa. Kisha upange vivumishi kama ngazi, kutoka "freezing" kupita "cold", "chilly", "cool" na "warm" hadi "hot", na kila asubuhi uamue leo iko kwenye kipandio gani. Vivumishi vingine vinajitengeneza vyenyewe kwa "-y": "sun" huzaa "sunny", "cloud" huzaa "cloudy", "wind" huzaa "windy", "fog" huzaa "foggy".

Tofauti moja ndogo isikuponyoke: barafu na theluji. "Ice" ni barafu, ngumu na yenye kung'aa, na "snow" ni theluji inayoanguka ikiwa laini. Neno "barafu" limetoka Kiajemi, ambako maana yake ni theluji, kwa hiyo kuyachanganya hayo mawili si kosa geni. Mvua ya mawe ni "hail", na manyunyu ni "drizzle".

Maneno ya kuunganisha ni hazina nyingine. "Rainbow" ni "rain" na "bow", mvua na upinde, sawasawa na upinde wa mvua wetu, ila mpangilio umegeuzwa: Kiingereza hutanguliza kinachoeleza na kumalizia na kitu chenyewe. Ukishika mpangilio huo, koti la mvua litakuwa "raincoat", miwani ya jua "sunglasses", machweo "sunset" na macheo "sunrise". Jaribu kubahatisha mwenyewe maana ya "snowball" na "sunburn" kabla ya kutazama kamusi.

Marudio

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyechapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, alijipima mwenyewe na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichokariri hupotea mapema sana, na kwamba kurudia kwa kuacha nafasi huhifadhi zaidi kuliko kurudia mfululizo. Kwa hiyo neno jipya lirudie kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki, kisha mwezi, na kila mara ufunike safu ya tatu kabla ya kujibu.

Kila jioni andika sentensi mbili za Kiingereza: moja ya hali ya hewa ya siku hiyo, nyingine yenye angalau neno moja la mkopo na kitenzi chake. "It was cloudy and chilly this morning. I put on my jacket and waited for the bus." Hazihitaji kuwa za kuvutia. Mwezi mmoja utakupa sentensi karibu 60, na mwezi unaofuata, anga ikibadilika, usiandike kwanza maneno mapya. Zisome za mwezi uliopita, badilisha yale ambayo hewa imeyafanya yasiwe kweli tena, uigeuze "chilly" kuwa "warm" na "put on" kuwa "took off", na pale utakapokwama kwa kukosa neno ndipo ufungue kamusi.